Koti la Mpiga Besi

Lilifika kwangu mwaka wa sitini na tatu,
bluu iliyoiva, vifungo vitatu, limenunuliwa mtumba,
mkononi mwa Alwyn Haslam, mwana wa muuza makaa,
aliyepuliza harmonika kwenye choo cha uani
kwa kuwa kuta zile zilimrudishia sauti ya mtu mzima.
"Bibi Ogden, lipunguze mabegani.
Royston hana mabega. Ana vidole tu."

Nikampima Royston Pilling jikoni, Oldham,
mvua ikipiga bati la banda. Mrefu, mwenye haya,
mikono imening'inia kama nguo kambani.
Mashine za kiwandani zilishanila nusu ya masikio;
besi yake niliisikia kwa nyayo,
ikipanda kutoka chumba cha chini
hadi kwenye kanyagio la cherehani.

Bendi waliiita Masizi.
Bluzi waliijua kwa santuri moja
aliyoiuza baharia Liverpool, yenye mkwaruzo
kwenye wimbo wa tatu. Hata mkwaruzo wakauiga.
Nikacheka.
Kisha nikaacha.
Miaka ishirini na mmoja nimesokota pamba,
marobota yana mihuri ya bandari za mbali,
na sikuuliza hata siku moja nani aliichuma,
jua liko kisogoni, anaimba nini.
Sasa wimbo ule umewasili, umechelewa,
umeifuata pamba yake kama mdai.

Nguo ya kuazima haisitiri matako:
nilimwambia Alwyn hivyo, pini zikiwa mdomoni.
Akawa mwekundu mpaka shingoni. Akaendelea kupuliza.

Royston akaoa; baba mkwe akamtafutia kazi benki.
Akaja Terence Lomax, mfupi, kitambi cha mwokaji.
Nikafumua kwapa, nikatia kiraka cha pembetatu,
nikakunja mikono inchi tatu.
Miezi saba. Akaondoka na mpiga gitaa wetu
kwenda kuunda bendi nyingine ng'ambo ya mto,
na mpiga ngoma wa bendi hiyo akahamia kwetu;
siku zile watu waliazimwa mlango kwa mlango
kama kikombe cha sukari.

Murdo Galbraith wa Glasgow sikumpima vizuri,
hakusimama wima. Koti lilirudi likinuka bia,
mfukoni risiti ya duka la rehani:
alikuwa ameweka besi.

Halafu Lascelles Whyte, kondakta wa basi,
mzaliwa wa Kingston. Yeye alipiga taratibu,
akiacha pengo katikati ya noti
kama mtu aliyeuliza swali na anangoja.
Nyayo zangu zilimwelewa kabla yangu.
Blackpool, hoteli ikamkatalia kitanda.
Wakalala kwenye gari, wote, isipokuwa mpiga gitaa mpya.
Asubuhi Masizi hawakuwa na mpiga gitaa.

Na Alwyn? Walimpigia kura
kwenye maegesho ya Leeds, injini inanguruma.
Meneja alikuwa na jina kwenye karatasi;
wao walikuwa na mapafu yake tu.
Bango la mwaka wa sitini na tisa, ukutani kwa mchinjaji:
MASIZI, sura nne,
wala sikujua kiuno cha hata mmoja.
Lascelles alikwisha kuliacha koti mlangoni kwangu,
limekunjwa, kifungo kimoja hakipo.

Juzi akaja kijana mwenye daftari.
Anataka kujua Masizi wa kweli ni wapi,
wa mwaka gani, nani na nani.
Nikapasua bitana nikamwonyesha:
mistari ya chaki, ya bluu, ya waridi, ya njano,
mabega juu ya mabega, tumbo ndani ya kiuno,
matundu ya sindano ya mishono isiyokuwepo.
Akapiga picha. Nadhani hakuridhika.

Jioni Alwyn akapita, kama kila Jumanne,
na samaki wake kwenye gazeti.
Akaliona mezani. "Sijawahi kulivaa hili," akasema,
akaingiza mkono mmoja, akasita, akaingiza wa pili.
Mikono ikapita ncha za vidole.
"Simama wima," nikamwambia,
nikaitafuta chaki.