Nyuzi Tisa

Mama alikuwa fundi cherehani, Wete.
Kwake nyuzi zilikuwa za kudarizi,
nyeupe kwa kofia, nyekundu kwa pindo.
Mimi huku Morecambe nyuzi nazisoma
kwenye kioo kidogo cha jokofu:
tatu ni njema, tano ni ukingoni,
ikipita nane sheria inakunja uso.

Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya uji,
natia sindano ya kipimajoto katika nyama ya jana
(sindano! mama angecheka),
naandika tarehe, saa, natia sahihi.

Lakini daftari hunitangulia.
Gareth, mpishi mkuu, hulijaza Jumatatu juma zima:
tatu, tatu, nne, tatu, nne,
mpaka Jumapili ambayo haijazaliwa.
"Jokofu ni lile lile," husema. "Litakuwa na jipya gani?"

Alhamisi likawa na jipya.
Mpira wa mlango umelegea kama ufizi usio na meno,
na kioo kinasema tisa.
Ndani: maziwa, samaki wa mchana,
na chakula kilichosagwa cha watu kumi na wanne
ambao tonge haliwapiti kooni.

Mimi na wewe tukiharisha
tunakoroga chumvi na sukari, kesho tuko kazini.
Mtu wa miaka tisini anaanza usiku,
na kukicha shuka zinabadilishwa
kwa ajili ya mgeni mwingine.
Niliona chumba namba sita, majira ya baridi.
Sikuuliza. Hakuna aliyeuliza.

Sikuifuta nne ya Gareth;
kufuta ni uongo wa pili.
Nilipitisha mstari mmoja, pembeni nikaandika 9,
na saa, na jina langu lote, Bimkubwa Faki Shehe,
kwa herufi za mtoto wa darasa la kwanza.
Kisha nikabeba bakuli, moja moja, hadi pipani.
Gareth hakunisemesha siku tano.

Siku ya sita akaja Bi Sohal,
bila simu, na kurunzi, na viatu vyake mwenyewe.
Alipiga magoti chini ya jiko la kukaangia.
Alinusa kitambaa cha kufutia meza.
Aliuliza ubao mwekundu ni wa nini, na wa buluu.
Halafu akafungua daftari,
kidole kikashuka, tatu, tatu, nne, tatu,
kama mtu anayeshuka ngazi gizani,
kikafika kwenye tisa, kikasimama.

"Nani ameandika hii?"
Nikanyoosha mkono. Meneja akaangalia sakafu.
"Hii," akasema, "ndiyo namba pekee ninayoiamini humu."

Mlangoni tulikuwa na tano, kibandiko cha kijani.
Tukabaki na mbili.
Denise meneja alilia stoo, kati ya viazi na karatasi za chooni,
na mimi nikamchemshia chai, maana ningefanya nini?

Bi Sohal anaondoka, mzee Thwaite akamvuta koti:
"Binti, miaka mitatu sijala yai lenye kiini cha kutiririka.
Wananiambia ninyi ndio mmekataza."
Akarudi jikoni, begi begani.
Akaligeuza yai kiganjani, akatafuta muhuri,
simba mdogo mwekundu.
"Lenye huyu mpeni. Dakika nne. Nani alikataza?"

Tukatazamana.
Kumbe na woga wetu una daftari lake,
lililojazwa mapema.

Leo asubuhi: dakika nne kwa saa ya ukutani,
mkate umekatwa vijiti.
Kiini kimemmwagikia mzee kidevuni
na amekataa nisimpanguse.
Jokofu jipya linanguruma kama paka aliyeshiba.
Nimeandika tatu.
Ni tatu.