Mdoli wa Yuro Kumi na Tisa

Jumanne hakuna watu. Mvua ya Ghent haina haraka,
inadondoka juu ya reli za tramu
kama mtu anayehesabu chenji mara ya pili.
Nami niko sinema, nyuma ya kaunta,
napanga bidhaa za Msuka Wigi:
fulana nyeusi (zimebaki saizi kubwa),
vikombe ambavyo mpini wake ni mkasi,
vishikio vya funguo, kila kimoja na kishungi cha nywele.
Watu huuliza. Nawajibu: za plastiki.

Hadithi mnaijua, au mtaijua.
Mwanamke ananyoa maiti kabla ya mazishi,
anawasukia matajiri wigi,
na usiku wigi zinaimba juu ya meza,
kila moja kwa sauti ya mwenye nywele,
zikiulizana: wewe nani alikuuza?
Mwisho wake mbaya. Sisemi.
Tiketi ni yuro kumi na mbili.

Ilianzia jukwaani, mwaka wa sabini na tisa,
katika ghala la kitani, viti themanini, jiko moja la makaa.
Halafu televisheni wakaichukua, wakaondoa maiti.
Halafu filamu hii, na maiti wamerudi,
wamepakwa poda, wanapendeza kuliko walio hai.
Wanasema ya tatu iko njiani, ya katuni, ya watoto.
Wigi zitakuwa na macho.

Godelieve Baetens husukuma mlango kwa bega.
Miaka themanini na moja, koti la mvua la kijani,
mfuko wa sokoni na majani ya kitunguu yamechungulia nje.
Ndiye aliyekuwa Msuka Wigi wa kwanza.
Hakuniambia yeye. Nilimwona
kwenye kijitabu cha yuro thelathini, ukurasa wa sita,
jina limekosewa herufi moja.

Hanunui. Hugusa gusa tu, kama mtu
aliyeingia nyumba aliyowahi kuipanga.

Leo ameokota mdoli.
Una kidevu cha yule wa filamu, nyusi za yule wa filamu,
na gauni ambalo yeye Godelieve alilishona mwenyewe
kwa pazia la shangazi yake.
“Bonyeza tumbo,” nikamwambia. Nawaambia wote.

Akabonyeza.
Sauti ikatoka nyembamba, nyuki ndani ya kopo:
*Nirudishie kichwa changu, nywele nitazisamehe.*

Akanyamaza. Akabonyeza tena, mdoli sikioni.
“Hapo,” akasema. “Kabla ya *nywele*. Umesikia?
Nilikuwa na mafua. Wannes kwenye piano
alinisubiri nusu pigo.”

Nikageuza sanduku. Maandishi ya kuumiza macho:
umri miaka mitatu na zaidi, usioshe, betri mbili,
jina la kiwanda, jina la aliyechora sanduku.

“Walikuomba ruhusa?”
Akanitazama vile unavyoweza kumtazama mtu
anayeuliza kama maiti waliombwa.

Nilitaka kumpa bure. Akakataa.
“Nataka risiti,” akasema. “Iandikwe kwamba nimenunua.”
Akamwaga sarafu kwenye kaunta, za senti, za senti mbili,
akazihesabu kwa kidole, na mimi
sikuthubutu kumsaidia.
Akamlaza mdoli kati ya vitunguu, uso juu,
akaenda kusubiri tramu namba moja.

Saa nne usiku, nikifunga, nikabonyeza mmoja kwenye rafu.
Halafu wa pili, kabla wa kwanza haujamaliza.
Halafu sijui nini kilinipata, nikabonyeza yote,
kumi na mmoja, mbio, mikono miwili,
ikaimba ikifuatana kama vipofu walioshikana mabega.
Na kila mmoja ulipofika pale
ukavuta pumzi kwa shida,
mafua ya majira ya baridi yaliyokwisha zamani,
na kila mara, nimeshika swichi ya taa,
nikausubiri nusu pigo.