Mdiria wa Walsall

Walsall, Jumapili, saa moja asubuhi.
Umande haujaamua kama utakuwa mvua.
Magari yamefungua buti zao uwanjani
na matumbo ya nyumba za watu
yamemwagwa juu ya meza za kukunja:
birika lisilo na kifuniko, taa za Krismasi zilizojifunga fundo,
viatu vya marehemu fulani, bado vina kiwi.

Kizuri chajiuza, husemwa. Si hiki.
Hiki kililala ndani ya bati la biskuti
chini ya uma na funguo zilizopoteza milango,
kifudifudi, mgongo wa shaba juu.
Nikakipindua kwa kidole: ndege.
Mdiria. Bizimu la kifuani,
buluu yake mbichi
kama aliyeibuka majini sasa hivi.

Nikamgusisha mdomo.
Bi Maureen Tranter, mwenye meza, akacheka:
"Nani kakufundisha?"
Plastiki hupata joto upesi, kioo hakina haraka.
Alikuwa baridi kama kijiko kilicholala nje.

Sikumwambia kwamba nilifundishwa na sinia,
sinia la bibi, jeupe, ukingo wa buluu;
lilipomeguka liliacha doa jeusi lenye umbo la figo,
na kila Idi wajukuu tuligombana
nani akae upande wa doa,
maana bibi, kwa kuona haya, alilifunika kwa nyama.
Enameli ni ileile:
unga wa kioo, tanuri, na madini yaliyokubali.

Pauni nane. Nikataja tano.
Akavaa miwani, akamwinua ndege kwenye mwanga,
akanionyesha ufa yeye mwenyewe:
unywele mmoja, chini ya bawa.
"Miaka kumi na mmoja nimepaka hizi kiwandani, Hockley,
kwa brashi ya nywele tatu. Ufa siufichi. Sita."
Nikampa saba.
Hesabu hiyo sijaweza kuieleza hadi leo.

Masharti aliyaandika nyuma ya risiti ya dawa:
Asioge. Asilowekwe. Siki marufuku.
Kitambaa laini na pumzi yako, basi.
Kutu ya kijani penye pini: kijiti cha meno, taratibu.
Manukato kwanza, yeye mwisho.
Alale peke yake, ndani ya pamba;
vito hukwaruzana vikilazwa pamoja.
(Tulikuwa watano kwenye mkeka mmoja. Nilimwelewa.)

Usiku, jikoni, chini ya taa, nikampumulia.
Ukungu ukapita juu ya buluu, ukaondoka.
Nikafuta kichwa, nikafuta bawa, nikafika kifuani,
pale penye rangi ya chungwa,
na kitambaa kikakwama.
Kilima kidogo. Rangi nzito zaidi, nyekundu kidogo,
laini, inaukubali ukucha.
Ukucha ukaitambua: ni ya jamaa yake.
Rangi ya kucha.

Mwanamke fulani, mwaka fulani, alimwangusha.
Akaokota, akaona pengo,
akaketi ukingoni mwa kitanda na kichupa chake
na ulimi nje kidogo, nadhani, kama mtu atiaye uzi sindanoni.
Haikulingana. Aliona kwamba haikulingana.
Akaenda naye alikokuwa anakwenda.

Dawa ya kuondolea ninayo, iko kabatini.
Nikaifungua.
Nikanusa.
Nikaifunga.

Jumatatu, zamu ya alfajiri, basi la kwanza,
mdiria kwenye kola ya koti langu la sufu.
Harjinder, mwenzangu wa dobi la hospitali, akainama:
"Dhahabu?"
Shaba, nikasema. Na kioo. Na rangi ya kucha.
"Ya kwako?"
Nikafungua mdomo nimjibu,
dereva akakanyaga breki,
na mkono wangu ukawa umeshafika kwenye koti
kabla sijautuma,
umemfunika ndege,
kilima na vyote.