Mkanda

Makorora, ghala la mkonge, Jumapili asubuhi.
Mwalimu Semkiwa alitua runinga juu ya magunia,
akatuonyesha wazee wa Kijapani, wafupi, miguu peku,
uani kwao kunanyesha theluji,
au zilikuwa chenga tu za mkanda. Hatukuuliza.

Hatua ya kumi na tisa mkanda ulikwama:
mzee yuko kushoto, mara yuko kulia,
mguu haukuonekana ukipita.
Tukajifunza hivyohivyo. Kuruka.
Mwanaidi aliteguka kifundo, akapona, akaruka.

Juzi mjukuu wake kanionyesha kwenye simu
picha ileile, imetakata kama sahani ya Idi.
Mzee haruki.
Anauvuta mguu taratibu, anakwangua vumbi,
kama mtu atafutaye kandambili gizani.

Nikampelekea Mwalimu. Akatazama mara tatu,
simu kaishika mbali na macho.
“Kumbe alikuwa anatembea.”
Kisha akajifunga mkanda wake, huu wa kiunoni,
mweusi uliochakaa hadi ukarudi mweupe,
akaanza kuhesabu.
Kumi na saba. Kumi na nane.
Akaruka.
Akakohoa.
Ishirini.