Kifua cha Mpira

Alikuja Jumatatu kwa boti ya Mokowe,
nusu mtu: kichwa, kifua, hana miguu wala jina,
amefungiwa mkobani kama suti ya arusi.
Mwenye punda pale gatini alifungua zipu, akarudi nyuma.
"Maiti?"
"Si maiti. Ni wa kujifundishia."
Akafikiri. "Basi. Nusu ya mtu, nusu ya nauli."
Wakapita naye ndiani, mdomo wazi kwa kila kibaraza,
na bibi mmoja dirishani akamsomea Innalillahi,
kwa tahadhari.

Ukumbini tulikuwa kumi na wawili,
wauguzi, matabibu, na daktari kijana wa Witu
aliyejua kila kitu mpaka alipopiga magoti.
Mkufunzi Dama, wa Malindi, hakusalimu mara mbili.
"Sukuma kwa nguvu. Sukuma upesi. Acha kifua kirudi.
Kisiporudi, moyo utajaa nini?"
Tukasukuma. Mpira ukalia kli, kli.
Ukinyamaza, ujue hujafika:
sentimita tano, si nne.
Huruma ndiyo inayoishia kwenye nne.

Siku ya pili kidude cha kuhesabia kikaisha betri.
Dama akainua kidole. "Sikilizeni."
Ng'ambo ya kichochoro, karakana ya Shekuwe,
nyundo juu ya patasi, patasi juu ya ubao wa mlango,
ko ko ko ko, mia na kumi kwa dakika.
Hajui kwamba tunafufua watu kwa maua yake.
Alipotua kunywa kahawa
tulimpoteza mgonjwa, sote kumi na wawili.

Kisha mawimbi, kwa chaki.
"Huu moyo unatetemeka. Huu, upige umeme.
Huu mstari mnyoofu, usiupige.
Umeme haumwamshi aliyenyamaza,
humtuliza anayegombana na nafsi yake."
Adrenalini miligramu moja, kila dakika tatu hadi tano.
Mimi kando, wewe kando, sote kando.
Nikabonyeza. Hewani hakukuwa na kitu,
lakini vidole vyangu viliruka.

"Na kila dakika mbili," akasema, "badilishaneni."

Hapo ndipo nilipoinuka nikaenda dirishani.

Bi Bishee wa Mkomani, kitanda cha sita, saa tisa usiku.
Mlinzi alikimbia kumwita daktari.
Nikabaki mimi, na bangili zake za kioo
zikigongana kila niliposukuma.
Dakika kumi na moja.
Mbili za kwanza zilikuwa zangu.
Hizo tisa zilikuwa za mikono iliyokufa kabla yake.
Alfajiri mwanawe akaja na chupa ya uji,
akaniuliza amwekee wapi.

Nilimweleza Dama yote, nikitazama ukuta.
Sikutaka pole; wala hakunipa.
Akauliza: "Huyo mlinzi jina lake nani?"
"Famau."
"Kesho mlete."

Famau akaja na sare, akaegemeza rungu mlangoni,
akavua viatu kana kwamba anaingia msikitini.
Dama akamwekea viganja mahali pake,
katikati ya mfupa, viwiko vimenyooka.
"Moya," akaanza, "mbili, tatu, nne,"
na mpira ukalia kila safari, hata mara moja haukukosa,
na Shekuwe ng'ambo akimfuata, au yeye akimfuata Shekuwe.
Daktari wa Witu aliacha kuandika.
Kwenye thelathini Famau akainua kichwa, jasho puani.
"Nani ashika?"
Nikapiga magoti ng'ambo ya pili.
"Mimi. Mimi hapa."

Ijumaa tulimrudisha mkobani.
Mwenye punda akadai nauli nzima:
"Amesoma sasa, huyu."
Alipokuwa akikaza kamba, nilijikuta
nimeweka kiganja nyuma ya kiwiko cha punda,
macho kwenye saa yangu.
Arubaini na mbili.
Kwa punda, aliniambia mwenyewe, ni sawa.