Analikimbia Duka

Majira mawili ya baridi nilikunja mashuka pale Oldham,
kwa Enid Tattersall, mwenye dobi: mashine tisa, mbili mbovu,
na magoti ambayo daktari aliyatazama, akayafunika.
Hajakimbia tangu harusi ya dada yake,
upepo ulipoiba kofia ya bibi harusi.
Lakini kuna neno kwao, run, herufi tatu,
halimwachi mama huyu aketi.

Bomba likifunguliwa, maji yanakimbia.
Sisi tungesema yanatiririka, basi, tumemaliza.
Pua ya mjukuu wake Callum inachuruzika: kwao inakimbia,
na siku ya kwanza kuambiwa hivyo mtoto aliishika kwa vidole viwili
isije ikafika kituo cha basi.
Mashine namba nne inakimbia
ingawa imekazwa sakafuni kwa nati nne.
Blauzi nyekundu ya Bi Ackroyd ikachuja,
rangi ikakimbia kutoka kwake hadi kwenye mashuka ya hoteli,
na wiki nzima wageni wakalala ndani ya waridi.
Basi la Rochdale hukimbia kila nusu saa, lasema tangazo.
Enid hulingoja dakika hamsini, amesimama,
na uzi wa soksi yake unakimbia kisigino hadi goti.

Ah, magoti. Magoti mabovu hukimbia katika ukoo wao:
mama yake, bibi yake, shangazi Hilda wa kule Bury.
Ukoo mzima hakuna kinachokimbia
ila magoti mabovu.

Maziwa ya chai yakiisha, si maziwa yaliyokimbia,
ni yeye, amekimbia hadi nje ya maziwa,
amesimama huko peke yake, na kikombe.

Wakaja watu wa chama, koti zimelowa,
wakamsihi akimbie udiwani.
"Kwa magoti haya?" Wakacheka sana.
Nikawaza: kwetu cheo hugombewa,
tumekiri tangu kwenye kitenzi kwamba ni ugomvi.

Kisha siku moja nikamsikia akimjibu mtu wa kodi kwa simu:
miaka thelathini na mmoja nalikimbia duka hili.
Nikaacha shuka mkononi.
Kwake maana yake analiendesha: anafungua saa moja, anahesabu sarafu,
anajua soksi ya nani haina mwenzake.
Kwangu anayelikimbia duka
ni yule aliyetoka kwa mlango wa nyuma.

Na alikuwapo. Cyril, mumewe.
Alisema anatoka mara moja kununua fyuzi.
Kwa hiyo wote wawili walilikimbia duka hili,
yeye kwa Kiingereza, mume kwa Kiswahili,
na fyuzi haijaletwa hadi leo.

Mkataba wa pango unakimbia hadi Machi.
Baada ya hapo, alisema, hajui. Akapanguza kaunta iliyokwisha kupanguzwa.

Jioni, saa kumi tu na giza limeshaingia,
huja Bwana Entwistle na foronya moja, safi.
Huifua tena.
Huketi mbele ya kikaushio namba sita, viganja wazi,
na mvua nje ikifanya kazi yake kwenye kioo.
Hatumwulizi.

Nilimwambia Enid: nasi tunalo neno lenu hilo,
ila letu halibandikwi vijineno mkiani.
Linafunguka kwa ndani, kama kitunguu:
kimbiza, kimbizana, kimbilia,
na ukilisubiri kidogo, kimbilio.
Akalijaribu, kim-bi-lio, taratibu,
kama mtu anayejaribu meno mapya ya bandia.
"Nalo ndiyo nini?"

Nikamtazama Bwana Entwistle na foronya yake ikizunguka.
Nikafungua mdomo.
Mashine namba nne ikaacha kukimbia,
na Enid akainuka, mkono mmoja kwenye kaunta,
kwenda kuipiga kofi.