Kinyumenyume

Saa sita za usiku, Ghala, Maskati.
Ofisini tumebaki watatu: kiyoyozi, mimi,
na mashine inayofoka kama birika lililosahauliwa.

Watu hawaniamini nikiwaeleza
kwamba mwanga wetu hautoki kwenye taa.
Unatoka jichoni.
Kila nukta ya kioo tunairushia mwale wake,
unakwenda, unagonga ukuta, unauliza:
nani kakupa nuru?
Ukuta unasema, si mimi, kaulize dari.
Dari inasema, si mimi, kaulize sakafu.
Mpaka mmoja katika elfu ulifikie jua
urudi na jibu.
Iliyobaki hupotea. Nimeiwekea kikomo:
midundo minne, kisha giza.

Mteja anataka ukumbi wa hoteli,
marumaru, kila kitu cheupe.
Nimeuweka kando.
Najenga chumba cha Mudhairib kwa kukumbuka tu:
kuta za chokaa zilizobonyea,
dirisha lisilofungika vizuri,
bakuli la halwa.

Halwa ilinitesa wiki mbili.
Ukiipaka rangi, matope. Ukiing'arisha, plastiki.
Sharti mwanga uingie ndani yake,
uzurure kwenye samli na zafarani,
utokee kwengine umechoka, umekuwa kahawia.

Picha ya kwanza ilijaa chenga,
kama siku ile mchanga ulipotukuta njia ya Bidiya
baba akasimamisha gari, akasema,
subirini, barabara ipo.
Nikasubiri. Miale mia. Miale elfu nne.
Midundo minne nikaifanya kumi na miwili,
na pembe ya nyuma ya mlango, nyeusi tii tangu jana,
ikatoa msumari wake.

Asubuhi, Sib, mama anachambua choroko.
Nikampa simu. Akavua miwani, akaivaa tena.
Halwa hata hakuitazama.
(Wiki mbili!)
Alitazama dari, penye wekundu hafifu,
kama hina iliyoogewa mara kumi.

"Jamvi la Bi Thuwaiba," akasema.
"Lile la plastiki, la Ruwi.
Akilitandika mlangoni kila alasiri."

Jamvi halimo, mama. Nimeliweka nyuma ya kamera,
jua lilipige, basi. Halionekani.

"Halionekani?"
Kidole chake juu ya kioo, kina vumbi la choroko.
"Na hii nini?"

Sikuwa na la kujibu.
Akakisogeza kidole polepole mpaka ukingoni,
pale picha inapokatika,
akakiacha pale.

"Na yeye mwenyewe, umemweka wapi?"

Macho yake yakaenda ukutani,
yakapanda darini, yakashuka, yakarudi mlangoni.
Nami, kwa mazoea ya kazi, nikawa nahesabu.
Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili.
Mama hakuacha.